Nano inawaka taa lakini kompyuta haioni kitu: tuanzie wapi?

Sanawari328 (Arusha)
Wakuu, habari za jioni. Nina Arduino Nano ya kichina (bodi ndogo ya kudhibiti vifaa), ile yenye tundu la mini-USB na chipu ya CH340G upande wa chini. Kazi yake ni kuwasha na kuzima pampu ya kitalu nyumba huko Usa River kupitia rilei ya 5 V (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) na kontakta (swichi kubwa ya aina hiyo, ya umeme wa pampu). Nikiichomeka kwenye laptopu ya Windows 10, taa ya POW inawaka na ile ya L inapepesa, ila Device Manager haitikisiki. Hakuna poti ya COM, hakuna alama ya njano, hata ule mlio wa kuchomeka kitu siusikii. Draiva ya CH341SER nimeiweka na kuitoa mara tatu, na poti zote za laptopu nimejaribu. Waya ninaotumia ulikuja na spika ya bluetooth. Bodi ndiyo imekufa?

chalii_wa_kijenge
Waya huo, chalii yangu. Tupa kule.

mzee_wa_multimita (Moshi)
Kijana wa Kijenge yawezekana kapatia, lakini usitupe kitu kabla ya kukipima.

Kwanza tuelewane taa zinasema nini. POW ikiwaka maana yake 5 V na GND zimefika, basi. L ikipepesa maana yake ATmega328P, chipu kuu ya bodi, inaendesha programu iliyomo. Hakuna taa hata moja kati ya hizo inayokuambia habari za CH340G, na CH340G ndiyo inayoongea na kompyuta. Kwa hiyo bodi inaweza kuwaka kama mti wa Krismasi na upande wa USB ukawa kimya kabisa.

Pili, achana na draiva kwa sasa. Kompyuta isiyo na draiva hainyamazi. Windows ingelia, kisha ingeandika "USB2.0-Serial" au "USB Serial" yenye alama ya njano. Wewe hata mlio huna, kwa hiyo tatizo liko chini zaidi, kwenye nyaya.

Kompyuta inajua kuna mgeni kwa njia hii: upande wake, D+ na D−, yaani nyaya mbili za data, zote zimevutwa chini kwa rezista za 15 kΩ. Kifaa cha kasi kamili kama CH340G kinavuta D+ juu kuelekea 3.3 V kwa rezista ya 1.5 kΩ, na kwa CH340G rezista hiyo imo ndani ya chipu. D+ ikipanda, kompyuta inashtuka. Isipopanda, kwa kompyuta hakuna kitu kilichochomekwa, hata kama inakilisha umeme.

Waya kamili una nyuzi nne: nyekundu 5 V, nyeusi GND, kijani D+, nyeupe D−. Waya za spika, tochi na mashine za kunyolea mara nyingi zina mbili tu, nyekundu na nyeusi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Tafuta waya wa kamera ya zamani au wa diski ya nje. Mini-USB ndizo zilizokuwa zinakuja na kamera za dijitali, na kwenye mabanda ya mitumba ya umeme bado zimejaa. Waya wa kamera lazima uwe na data, maana picha zilikuwa zinapita humo.

BintiWaPasua (Moshi)
Shikamoo mzee. Naongezea kwa Sanawari328: Windows ina maneno machache mno kwa kazi hii. Kama una fleshi, weka Ubuntu na uiwashe bila kuisakinisha, fungua terminali, andika

sudo dmesg -w

kisha ndipo uchomeke bodi na utazame mistari inayoongezeka. Usiposhika kitu kingine kwenye uzi huu, shika hizi hali nne:

Hakuna mstari hata mmoja: D+ haijafika. Waya wa chaji, tundu lililokatika, au chipu ya USB haina uhai.

"new full-speed USB device" halafu "device descriptor read/64, error -71" au "error -110": kompyuta imeona mgeni lakini hawaelewani. Hapo ni D− iliyokatika, kristali mbovu (ile inayoipa chipu mapigo ya saa), waya mrefu wa hovyo au chipu yenyewe. Namba -71 ni mazungumzo yaliyoharibika, -110 ni kusubiri jibu hadi muda ukaisha.

"new low-speed USB device": kwa Nano au Uno hii ni kali. Bodi hizi si za kasi ndogo. Ukiona low-speed basi D+ na D− zimepishana, na kompyuta inauona uvutaji juu kwenye D−. Hutokea kwa waya uliounganishwa kwa mkono na mtu aliyeamini rangi za nyuzi. Waya za bei poa hazifuati rangi, pima.

Mistari imekamilika hadi "ch341-uart converter now attached to ttyUSB0": upande wa USB ni mzima. Kinachokusumbua baada ya hapo ni ruhusa, programu au butiloda (programu ndogo ndani ya bodi inayopokea programu yako), siyo bodi kutoonekana.

Kisha piga lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. CH340G inajitambulisha 1a86:7523. Uno halisi yenye ATmega16U2 ni 2341:0043, na kwa chipu nyingine za USB, CP2102 ni 10c4:ea60, FT232R ni 0403:6001. Namba hiyo ikionekana, usihangaike tena na waya.

mzee_wa_multimita
Marahaba binti. Hiyo ya low-speed watu wengi hawaijui.

Sanawari328
Asanteni. Nimepata waya wa kamera. Safari hii Windows imelia, lakini inaandika "Unknown USB Device (Device Descriptor Request Failed)", Code 43. Kwenye Details naona VID_0000&PID_0002. Kwa Ubuntu inatoa "new full-speed USB device number 9 using xhci_hcd", halafu error -71 mara kadhaa, mwisho "unable to enumerate USB device". Nirudishe draiva?

Ngarenaro_Volti (Arusha)
Hapana! Tazama hiyo VID_0000. Kompyuta huchagua draiva kwa kusoma namba ya utambulisho kutoka kwenye chipu. Hapo haijasoma kitu, imejaza sifuri. Hata ukiweka draiva kumi hakuna itakayoitwa.

Umeshasogea lakini. Jana D+ ilikuwa haifiki, leo inafika. Waya wa spika umehukumiwa kihalali.

Sasa geuza bodi, CH340G ni ile chipu ya miguu 16. Kuna kitone au kibonyeo kwenye kona, huo ni mguu wa 1. Ukiitazama kwa juu, hesabu kinyume cha saa. Unaohitaji ni hawa: 1 GND, 4 V3, 5 UD+, 6 UD−, 7 na 8 kristali, 16 VCC.

Bodi ikiwa imechomekwa, proubu nyeusi GND, nyekundu mguu wa 16. Tarajia kati ya 4.5 na 5 V. Halafu mguu wa 4, yaani V3. Hapo panatakiwa pawe na kama 3.3 V, chipu inajitengenezea yenyewe na kuituliza kwa kapasita ya 100 nF iliyo pembeni. V3 ikiwa 1 V au inayumba, kapasita hiyo imepasuka au imeshoti. Miguu ya chipu ni myembamba, usiteleze ukaunganisha 3 na 4. Ncha ya proubu ifunge sindano ya kushonea, inashika vizuri zaidi.

Kristali ya 12 MHz usihangaike kuipima kwa multimita, haitakuambia kitu cha maana, na proubu yenyewe inaweza kuisimamisha. Igandamize taratibu kwa kijiti cha meno bodi ikiwa imechomekwa. Dmesg ikibadilika maneno, risasi ya pale imepasuka. Chipu ikiwa ni CH340C usitafute kristali, haina. Saa yake imo ndani.

mzee_wa_multimita
Kabla hajafika kwenye miguu ya chipu, kuna kipimo kimoja ninachokipenda kwa sababu kinapima waya, tundu na chipu kwa mpigo, na hufungui kitu.

Chomoa kwenye laptopu. Waya ubaki kwenye bodi, ule upande wa pili wa USB bapa uwe huru mezani. Multimita weka kwenye alama ya daiodi. Ndani ya plagi utaona vibati vinne. Kibati cha pembeni kinacholia na pini ya GND ya Nano ndicho GND. Cha pembeni upande wa pili ni 5 V. Kinachopakana na 5 V ni D−, kinachopakana na GND ni D+. Ukienda hivi huna haja ya kukumbuka plagi imelala upande gani.

Sasa proubu NYEKUNDU iweke GND, NYEUSI iguse D+, soma. Kisha iguse D−, soma. Ndiyo, ni kinyume cha mazoea. Tunapitisha mkondo kwenye daiodi za kinga zilizo ndani ya chipu. Chipu nzima itakupa kitu kati ya 0.4 na 0.7 V, na cha muhimu zaidi ni kwamba mistari miwili ifanane. Mmoja ukisoma OL (multimita haioni njia), umekatika mahali. Ukisoma 0.00, umeshoti na GND. Yote ikisoma OL kwa waya mzima, tundu limeng'oka au chipu imekwisha.

Sanawari328
Nimepima.
VCC 4.71 V. V3 3.28 V. Kristali nimeigandamiza, hakuna badiliko.
Kipimo cha mzee: D+ 0.62, D− OL. Nikiusukuma waya upande wa kushoto D− inaruka 0.61 kidogo halafu inarudi OL.

chalii_wa_kijenge
Tundu hilo. Safari hii simo kwenye kubahatisha.

Ngarenaro_Volti
Umepatia. Na inaeleza kila kitu ulichokiona: D+ nzima inamwamsha mwenye nyumba, lakini mazungumzo ya USB yanakwenda kwa mistari miwili kwa pamoja, mmoja ukipanda mwingine unashuka. D− ikikatika, kinachobaki ni kelele, ndiyo maana -71.

Kwenye mini-USB vimguu vya nyuma ni vitano, nafasi kati yao ni 0.8 mm. Kuanzia upande wa 5 V: 5 V, D−, D+, ID, GND. ID huwa haijaunganishwa, usiihangaikie. Cha pili ndicho kimeachia risasi au kimepasua njia ya shaba chini yake.

Kulehemu kwake kuna mpangilio. Anza na masikio ya chuma ya tundu, siyo na kimguu. Mtu anayerudishia kimguu huku masikio yanacheza atarudi hapa baada ya wiki. Pasi 350 °C, ncha pana kidogo, risasi ya 60/40, jaza masikio yote hadi tundu lisitikisike. Halafu badilisha ncha iwe nyembamba, punguza hadi kama 330, paka fluksi kwenye vimguu vyote vitano, gusa kimguu cha pili sekunde mbili na risasi chembe tu. Ukikaa zaidi ya hapo plastiki ya ndani inalainika na vibati vinazama. Vimguu vikishikana, vuta kwa utambi wa shaba. Safisha kwa alkoholi ya isopropili, fluksi iliyobaki inavutia vumbi na hili vumbi letu la kiangazi mnalijua.

Kama huna ncha nyembamba, usijaribu kwa pasi ya bomba. Peleka kwa fundi simu. Hao kila siku wanabadilisha tundu za chaji zenye nafasi ya 0.65 mm, hii kwao ni barabara kuu. Mwambie tu habadilishi tundu, anarudishia risasi, na asipulizie hewa ya moto upande wa chini kwenye CH340 na kristali.

Ukimaliza, kabla ya kuchomeka: pima ukinzani kati ya 5 V na GND. Ukiona ohm chache tu, usichomeke, umeshotisha. Poti ya laptopu inaweza kujizima kujilinda. Ikizima, zima kabisa mashine, chomoa chaja, ngoja dakika chache, washa tena.

BintiWaPasua
Ikigundulika kwa Ubuntu, kaa macho na jambo moja. Ubuntu 22.04 ina programu ya brltty ya mashine za maandishi ya wasioona, nayo hudhani 1a86:7523 ni mali yake. Utaona ttyUSB0 inakuja na kuondoka papo hapo, na dmesg ikitaja brltty. Kama hutumii mashine hiyo:

sudo apt remove brltty

Chomoa, chomeka. Halafu ikikataa kwa "Permission denied", jiongeze kwenye kundi la dialout:

sudo usermod -a -G dialout $USER

kisha toka na uingie upya. Watu wengi husahau kutoka, wanarudi kusema amri haifanyi kazi.

Sanawari328
Fundi amerudishia masikio na kimguu. Daiodi sasa: D+ 0.62, D− 0.62. Windows imetoa "USB-SERIAL CH340 (COM5)". Nimeshangilia mapema, kupakia kumegoma:

avrdude: stk500_getsync() attempt 10 of 10: not in sync: resp=0x00

mzee_wa_multimita
Sasa umehamia ukurasa mwingine. Kompyuta na CH340G wanaelewana. CH340G na ATmega328P ndio bado.

Sababu ya kwanza kwa Nano za kichina ni kasi ya butiloda. Ya zamani inasikiliza kwa 57600, mpya kwa 115200. Kwenye Arduino IDE nenda Tools, Processor, chagua "ATmega328P (Old Bootloader)". Jaribu hiyo kwanza, sekunde kumi tu.

Ikigoma, ondoa chochote kilichounganishwa D0 na D1. Hizo ndizo njia za CH340G kwenda kwenye chipu kuu. Moduli ya GSM au bluetooth ikikaa hapo, inaziba mdomo.

Bado? Pima upande wa CH340G peke yake. Unganisha RESET na GND ili chipu kuu ilale, unganisha D0 na D1 kwa waya mfupi, fungua Serial Monitor, andika neno lolote utume. Likirudi kama lilivyo, CH340G na draiva na waya na tundu vyote ni vizima, tatizo ni ATmega au butiloda yake. Lisiporudi, angalia kama kweli COM5 ndiyo uliyochagua.

La mwisho ni kapasita ya 100 nF kati ya DTR (mguu wa CH340G unaoiwasha upya chipu kuu) na RESET. Ikifa, bodi haijiwashi upya wakati wa kupakia. Utaigundua hivi: bonyeza kitufe cha RESET kwa mkono pale neno "Uploading" linapotokea, ukiachia programu inaingia. Ikihitaji mkono wako kila mara, badilisha kapasita.

Butiloda ikiwa imefutika kabisa, unahitaji Uno nyingine kama programa: pakia mchoro wa ArduinoISP kwenye hiyo Uno, kisha 10 kwenda RESET ya Nano, 11 kwa 11, 12 kwa 12, 13 kwa 13, 5 V na GND. Kapasita ya 10 µF kati ya RESET na GND ya ile Uno, hasi kwenye GND, na iwekwe BAADA ya kupakia ArduinoISP, ukiitanguliza utashindwa kupakia. Halafu Burn Bootloader.

Ngarenaro_Volti
Naweka na hii kwa wanaotumia Windows: kuna chipu za CH340 za kuigiza ambazo draiva mpya inazionyesha kama poti lakini poti haifunguki. Device Manager, bofya poti, Roll Back Driver, au weka toleo la zamani la 3.5. Hiyo ndiyo siku pekee draiva inastahili lawama.

Rau_Mpya (Moshi)
Samahani kuingilia uzi. Mimi ni ESP32 yenye tundu la USB-C. Kwa waya wa USB-C pande zote mbili haiwaki hata taa. Kwa waya wa USB bapa kwenda C inawaka na inaonekana. Ni bodi au laptopu?

BintiWaPasua
Bodi, kaka, ila siyo mbovu, imebaniwa gharama. Kwenye USB-C kwa C, laptopu haitoi 5 V mpaka ione rezista za 5.1 kΩ kutoka pini za CC1 na CC2 za tundu kwenda GND. Bodi nyingi za bei ya chini hazina rezista hizo. Plagi bapa haiulizi maswali, 5 V iko muda wote. Endelea na huo waya wa bapa kwenda C.

Poti ikionekana na kupakia kukagoma kwa "Wrong boot mode detected" au "Timed out waiting for packet header", shikilia BOOT, bonyeza na uachie EN, kisha achia BOOT maandishi ya "Connecting" yanapoanza kubadilika. Na uangalie hujaunganisha kitu kinachovuta GPIO12 juu. Hiyo pini inasomwa wakati wa kuwaka na ikiwa juu, moduli ya kawaida inapeleka 1.8 V kwenye kumbukumbu yake badala ya 3.3 V, haiwaki. "Brownout detector was triggered" ni habari nyingine: umeme mdogo. WiFi ikiwaka mkondo unaruka kufikia nusu ampea, na waya mwembamba unaiangusha volti njiani.

Rau_Mpya
Nimeelewa, ubarikiwe dada. Na Raspberry Pi Pico je?

BintiWaPasua
Pico ndiyo rahisi kuliko zote kuihukumu. Shikilia BOOTSEL, chomeka, achia. Inatakiwa itokee diski iitwayo RPI-RP2, na lsusb 2e8a:0003. Programu ya kufanya hivyo imechongwa ndani ya chipu ya RP2040, huwezi kuifuta hata ukitaka. Kwa hiyo diski isipotokea ukiwa na waya wa data, usifikirie programu yako, ni maunzi.

chalii_wa_kijenge
Msimsahau na Blue Pill. Ile STM32 ya bluu ukiichomeka USB ikiwa mpya, kompyuta inanyamaza na watu wanasema imekufa. Mara nyingi haina butiloda ya USB ndani, inapakiwa kwa ST-Link (kifaa cha kupakia programu) kupitia pini za SWDIO na SWCLK. Na bodi nyingi zimewekwa R10 ya 10 kΩ kwenye D+ badala ya 1.5 kΩ. Lehemu 1.8 kΩ kati ya PA12 na 3.3 V, pamoja na ile 10 kΩ inakuwa kama 1.53 kΩ. Usitoe R10, ni ndogo itakupotea kwenye zulia.

Ngarenaro_Volti
Kumbe chalii unajua, unatubania tu.

Sanawari328
Old Bootloader imekubali mara moja. Programu imeingia. Nimeipeleka kitaluni kujaribu na pampu huku laptopu ikisoma namba za unyevu. Kontakta ikiachia tu, COM5 inapotea. Kwa Ubuntu dmesg inaandika "disabled by hub (EMI?), re-enabling...". Rilei na Nano vyote vinakula 5 V ya USB. Koili ya kontakta ni 230 V.

Ngarenaro_Volti
Hapo kompyuta imekupa jibu yenyewe. Koili ya kontakta ikikatiwa umeme inarusha volti kubwa, cheche inatokea kwenye miguu ya rilei, na mawimbi yake yanaingia kwenye waya wa USB. Bodi haina kosa.

Zima MCB (swichi ya kinga ya umeme wa pampu) kwanza, na kama mkono wako haujazoea 230 V mwachie fundi umeme. Weka kizima-cheche sambamba na koili ya kontakta, kwenye vituo A1 na A2: rezista ya 100 Ω na kapasita ya 100 nF zikifuatana. Kapasita iwe ya daraja X2, imeandikwa 275 VAC. Ya kawaida ya 400 V DC usiweke hapo, ikifa inashoti na kuwaka. Kwenye koili ya rilei yenyewe, kama moduli haina daiodi, 1N4007 kinyume, mstari wake mweupe upande wa chanya.

Pili, rilei ipe 5 V yake kutoka chaja nyingine. Moduli yenye optokapla (kipitisha ishara kwa mwanga, bila kuunganisha umeme wa pande mbili) ina kijiti cha JD-VCC. Kitoe, 5 V ya chaja iingie JD-VCC, na VCC ibaki kwenye Nano. GND ya chaja usiiunganishe na GND ya Nano, la sivyo optokapla haina kazi tena. Koili ya rilei ya kawaida ya 5 V ni kama 70 Ω, inakula karibu 70 mA, kwa hiyo chaja yoyote ya simu inatosha.

Tatu, waya wa USB usilale sambamba na nyaya za pampu. Ukilazimika kupishana nazo, zikate kama msalaba.

mzee_wa_multimita
Na laptopu iwe kwa betri wakati wa kuchomeka. Chaja ya miguu miwili isiyo na ardhi inaacha fremu ya laptopu ikielea kwenye volti nyingi, ile inayokutekenya mkononi. Mkondo wake ni mdogo sana, lakini ukichomeka USB kwenye kitu ambacho GND yake imeshika ardhi ya pampu, unaishia kupita kwenye D+ na D−. CH340 nyingi huondoka kwa njia hiyo, halafu watu wanalaumu Wachina.

Sanawari328
Kizima-cheche kimefungwa A1-A2, JD-VCC imetengwa, laptopu iko kwa betri. Nimewasha na kuzima pampu mara 20 mfululizo, dmesg haijaongeza mstari. Tundu la Nano nimelimiminia gundi ya moto kuzunguka masikio ili waya usilikwanyue tena.

chalii_wa_kijenge
Ule waya wa spika je, umetupa?

Sanawari328
Nimeukata. Nyekundu na nyeusi ndizo zinapeleka 5 V ya chaja kwenye JD-VCC.